Kabini ya meli Alaska: wazee wakatiwe upande wa kulia au wa kushoto?

MtuWaMajengo (Moshi)

Wakuu habari za jioni. Swali langu litaonekana la watu wenye hela ila mlipaji sio mimi kwa hiyo msinicheke. Dada yetu yupo Seattle, yeye na shemeji wameamua kuwapeleka wazee kwenye meli ya kitalii mwezi wa sita, wanapandia Vancouver kule Kanada wanakaa majini wiki nzima mpaka Whittier, Alaska, halafu meli hairudi nao, wakishuka wanapanda ndege kurudi Seattle. Sasa dada katuma ramani ya vyumba kwenye grupu la familia anasema chagueni kabini kabla ya Ijumaa, bei inapanda, na hapo ndo vita ilipoanza.

Mzee anataka kulia. Hoja yake ni kwamba akipanda ndege KIA kwenda Dar lazima akae kushoto auone mlima, kwa hiyo kila safari ina upande wake na abiria asiyejua upande ni mzigo kama mizigo mingine. Bi mkubwa yeye popote pale ilimradi asitapike, maana ile boti ya Zanzibar alishaapa hapandi tena, afu anashangaa mtu kulipa mamilioni kwenda kuangalia barafu wakati barafu ipo hapo juu, mawingu yakifunguka asubuhi anaiona akiwa jikoni.

Bajeti inafika kabini yenye balkoni au yenye dirisha la kawaida. Je upande una maana au tunapoteza muda? Na ghorofa ya ngapi? Aliyewahi kupanda au kufanya kazi huko anisaidie.

BahariaMstaafu_Njiro

Mkuu mimi nilikuwa nasafisha vyumba kwenye hizo meli kabla sijarudi Arusha, njia hiyo ya Vancouver naijua, nilikuwa na korido yangu na wageni wangu, na kila wiki swali la kwanza ni hilo hilo, "mbona mwenzangu kaona nyangumi mimi sijaona".

Mzee wako yuko sahihi, ila ni kwa sababu ya safari aliyokatiwa. Ni safari ya kwenda tu, inapanda kaskazini, bara lote la Marekani linakuwa mashariki kwao, yani mkono wa kulia ukitazama mbele. Angekuwa anatokea Whittier kushuka Vancouver ningemwambia kushoto. Na ingekuwa safari ya kwenda na kurudi, zile zinazoondokea Seattle, ningemwambia alale tu, maana alichokosa wakati wa kwenda atakiona wakati wa kurudi, kama hakipitwi usiku.

Lakini asiuchukulie huo upande kama dini. Sehemu kubwa ya ile njia meli inapita katikati ya visiwa na bara, kwa hiyo kulia kuna milima na kushoto kuna milima. Na ile siku watu wanayoingojea, ya kuingia Glacier Bay, ghuba yenye mito ya barafu ndani ya hifadhi, upande haukusaidii kitu. Meli inaingia mpaka karibu na barafu ya Margerie, ile inayoishia kwenye maji, ukuta wenye upana kama kilometa moja na nusu hivi, inasimama pale na nahodha anaigeuza taratibu ili kila upande upate zamu yake. Siku hiyo askari wa hifadhi wanapanda melini wanaelezea kwenye vipaza sauti. Kwa siku wanaruhusu meli kubwa za kitalii mbili tu kuingia humo, kwa hiyo hamna fujo ya meli kuzibana.

Upande wa kulia unakuja kulipa mkitoka hapo kuelekea Whittier, kwenye Ghuba ya Alaska. Pale kushoto ni bahari tupu mpaka macho yachoke, kulia ndo kuna pwani na milima yenye theluji, kama hamna ukungu. Na ukungu upo bwana.

Kuhusu bi mkubwa, hapo ndo pa kuwa makini kuliko upande. Mchukulieni kabini ya katikati ya meli kwa urefu, na ghorofa za chini chini. Kule omo, yani mbele kabisa, na kule nyuma kabisa ndo kunapanda na kushuka, na ukiwa ghorofa ya juu kila mtikisiko unausikia mara mbili. Kwenye visiwa maji yametulia ila kuna vipande viwili vya bahari wazi, kimoja ukishamaliza kisiwa cha Vancouver na kingine ni hiyo Ghuba. Dawa ya kichefuchefu ameze kabla hajaanza kuhisi, akishaanza kutapika imechelewa.

Mama_Wawili_Sakina

Mi nitatofautiana kidogo na Baharia hapo juu. Wanaosema kulia kulia wanasahau jua. Mwezi wa sita kule Juneau, mji mkuu wa Alaska, jua linazama saa nne usiku imepita, na ukiwa unapanda kaskazini jua la jioni lote lipo kushoto kwako. Tulienda na mume wangu na kazi yake, tulikuwa kushoto, jioni ndo tulikuwa tunakaa balkoni kwa sababu asubuhi kulikuwa na baridi na watu tunatafuta chai. Jirani zetu wa kulia walikuwa kivulini muda wote wa chakula cha usiku. Kwa wazee wenye miguu inayouma jua ni kitu cha maana jamani.

Afu tusidanganyane, nyangumi hakai upande mmoja. Nahodha akitangaza, watu wote wanakimbilia sitaha ya juu, na huko unavuka kulia kushoto bure. Kama hela ni ya kuhesabu, kabini ya dirisha la kawaida inatosha kabisa, hiyo tofauti waweke kwenye ziara za nchi kavu, treni ya Skagway kwa mfano, ile inapanda mlimani kufuata njia ya waliokwenda kutafuta dhahabu miaka ya 1890.

BahariaMstaafu_Njiro

Dada Sakina hoja ya jua naikubali, japo Ketchikan, mji mwingine wa huko Alaska, sikumbuki jua, pale ni mvua tu, mwaka mzima wanapata mvua kupita mara tatu ya hapa Arusha. Ila dirisha la kawaida badala ya balkoni kwa mzee anaetaka kuona? Hapana. Yule mzee atataka kutoka na shuka lake saa kumi na moja alfajiri akiwa na kandambili, hatavaa suruali apande lifti kwenda juu.

MbegeBaridi

Mkuu mwambie meku kulia ni upande wa baa 😂

Serious sasa, bi mkubwa yuko sahihi, lipeni viingilio vya KINAPA, hifadhi ya Kilimanjaro, mpande mlima mkaguse barafu, hela ibaki Moshi.

TiketiMjini_Arusha

Nakata tiketi za ndege na meli hapa mjini, naongeza vitu ambavyo hamjavigusa na ndivyo vinavyoliza watu.

Kwanza muulize dada tiketi ni ya aina gani. Kuna bei ya chini ambayo wewe unanunua aina ya chumba tu, namba wanakupangia wao baadae. Kama ni hiyo basi mjadala wote huu wa kulia na kushoto mfungeni, hamchagui kitu, na bi mkubwa anaweza kuangukia kule omo. Kwa mtu anaetapika lipeni zaidi mchague namba wenyewe.

Pili, ramani ya vyumba usiangalie ghorofa yako tu, angalia ya juu yake na ya chini yake. Chumba kikiwa chini ya mgahawa wa kujihudumia au bwawa, alfajiri unaamshwa na viti vinavyoburutwa. Kikiwa juu ya ukumbi wa muziki hulali mpaka saa sita. Vilivyo kati ya vyumba na vyumba ndo salama. Angalia pia boti za kuokolea zinaning'inia wapi, kuna vyumba wanaviuza vina dirisha zuri tu ila mbele yake kuna boti la rangi ya chungwa, na huwa vimeandikwa mwonekano umezuiwa kwa maandishi madogo. Na vile vyenye mlango wa katikati wa kuunganisha na jirani epukeni, unasikia hadi anavyokohoa.

Tatu, namba ya chumba. Meli nyingi shufwa zipo upande mmoja na witiri upande mwingine, ila ipi iko wapi inategemea kampuni, kwa hiyo msikariri ya mtu wa Facebook, tafuta omo kwenye ramani, igeuze itazame juu, kulia kwako ndo kulia kwa meli.

Nne na kubwa kuliko zote, VIZA. Wanapandia Vancouver, hiyo ni Kanada, Mtanzania anahitaji viza ya Kanada kando na ya Marekani. Na hiyo ya Marekani iangalieni inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, maana wanatoka Seattle wanaenda Kanada halafu wanaingia tena Marekani kwa meli. Kuna mteja alitaka kukwepa kwa kuondokea Seattle, haisaidii, kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 meli ya bendera ya nje haibebi abiria kati ya bandari za Marekani bila kupita nchi nyingine, ndo maana hizo za Seattle nazo zinagusa Victoria, Kanada hiyo hiyo. Mwezi wa sita sio mbali, anzeni na hilo kabla hamjagombana na upande.

MtuWaMajengo (Moshi)

Daah aika sana wakuu. La viza dada alikuwa halijui, kapiga simu sa hivi sauti imebadilika. Tiketi alikuwa anataka ile ya bei ya chini, nimemwambia asithubutu.

Mzee nimemsomea yote, ya Sakina karuka, kasikia "yuko sahihi" basi imetosha. Tumekubaliana kulia, katikati, ghorofa ya pili kutoka chini kati ya zile zenye balkoni, juu vyumba chini vyumba. Bi mkubwa kauliza kitu kimoja, hiyo barafu inayoishia baharini imekuwaje haiyeyuki.

BahariaMstaafu_Njiro

Mwambie inayeyuka na inakatika, vipande vinaanguka majini mlio wake utadhani radi, ndo watu wanachokisubiri pale na kamera. Mwaka 1794 Waingereza walipopita kupima ile pwani hiyo Glacier Bay haikuwepo, walikuta ukuta wa barafu mlangoni. Leo meli inaingia ndani kama kilometa mia hivi ndo inaikuta. Akilinganisha na ya hapo juu kwake atapata cha kuongea na mzee wiki nzima.

MamaKahawa_Kibosho

Samahani naingilia, hamna aliyetaja nguo? Pale kwenye barafu upepo unakata hata jua likiwaka. Wasiende kununua Marekani ni bei mbaya, nenda soko la Memorial siku mabelo mapya ya mitumba yanapofunguliwa, majaketi ya wapanda mlima yapo mengi tu na ni yale yale. Mzee umchukulie la kuzuia maji, sio sweta. Na glavu, kushika chuma cha balkoni alfajiri bila glavu atarudi ndani dakika hiyo hiyo.

MbegeBaridi

Memorial nenda Jumamosi mapema mkuu, nikukute nna langu la kuuza, halijawahi kuona mlima.