Kila mwenye fulana siku hizi ni "ustawi"? Nimechoka jamani

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nimesotea digrii ya ustawi wa jamii miaka mitatu, leo niko halmashauri. Wiki iliyopita nikapewa kesi ya mtoto wa miaka tisa. Nafika nyumbani kwao naambiwa "mwenzako alishakuja juzi". Mwenzangu yupi? Kumbe kijana wa mradi fulani, semina ya siku tano, fulana mgongoni imeandikwa USTAWI WA JAMII. Kamhoji mtoto sebuleni, baba wa kambo kakaa pale pale anasikiliza!

Sasa mtoto hasemi kitu. Kila nikiuliza anamtazama mama yake. Dawati la jinsia la polisi wanasubiri, PF3 (ile fomu ya polisi ya kwenda kwa daktari) imeshajazwa, na ripoti ya uchunguzi wa kijamii mahakama itaidai kwangu, si kwa mwenye fulana. Niandike nini?

Nikampigia yule kijana. Akanijibu, "Dada, sote ni ustawi."

Muuguzi wa korido yangu ana namba ya usajili na leseni, akivuruga Baraza la wauguzi linamwita. Hata dada wa duka la dawa muhimu ana cheti ukutani. Mimi miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza namba. Tangu chuo naimbiwa "sheria ya taaluma yenu inakuja". Nimeshazaa wawili, wimbo ni ule ule.

Kwa wananchi ndiyo usiseme. Wanakuja kwangu kuulizia mikopo ya asilimia 10, ile ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, wakati hiyo ni ya maendeleo ya jamii, mlango wa pili. Na wanaume wanatujua kwa moja tu, "kanipeleka ustawi", akidaiwa matunzo. Hilo nimelizoea, hata linanichekesha.

Najua kuna atakayesema leseni ni ada nyingine ya kutukamua. Sawa, mshahara wenyewe naujua. Ila nitalipa, ili kuwe na daftari ambalo mtu akiharibu jina lake linafutwa. Na wale wa kujitolea siwachukii, kuna vijiji nisingejua mtoto anateseka bila wao. Waibue kesi, walete. Kuhoji watuachie.

Mlio kwenye fani, mtu wa hivi mlimshtaki wapi? Bosi wake kaniambia "tutaongea naye", basi.

Jumatatu narudi kwa yule mtoto na daftari la kuchorea na penseli za rangi. Naanza upya.