Uga wa umeme kuwa sifuri: tuanze na mchoro au na mlinganyo?

Mleta hoja: Nasimama hapa: mwanafunzi asiguse mlinganyo wa kutafuta mahali uga wa umeme (msukumo ambao chaji ndogo chanya ingeupata hapo) unapokuwa sifuri kabla hajachora mishale ya kuonyesha uelekeo wa uga wa kila chaji. Tunatoa alama kamili kwa vijana wasiojua jibu lao lina maana gani, na jambo hili linaniuma.

Chukueni chaji mbili zilizoachana sentimita 10: maikrokulombi 9 kushoto, maikrokulombi 4 kulia, zote chanya. Kwa kanuni ya Coulomb (uga hupungua kwa mraba wa umbali) tunaandika 9/x² = 4/(10 − x)², x ikiwa umbali kutoka chaji kubwa. Ukiufungua unapata x² − 36x + 180 = 0, na majibu ni sentimita 6 na 30 kutoka chaji kubwa. Sasa ifanyeni ile ndogo iwe hasi. Ukilinganisha ukubwa peke yake, mlinganyo haubadiliki hata kidogo! Majibu ni yaleyale mawili, ila lililokuwa sahihi limekuwa kosa. Zikiwa chanya zote, jibu ni 6, kati ya chaji, ambako mishale inakabiliana. Moja ikiwa hasi, pale kwenye 6 mishale yote miwili inaelekea kulia na uga unakuwa maradufu. Sifuri iko kwenye 30, nje kabisa, upande wa chaji ndogo. Aliyekariri huchagua 6 kwa sababu tu iko katikati.

Mchangiaji: Mwalimu, kwa heshima, mlinganyo hauna hatia. Aliyeuandika ndiye aliyetupa uelekeo. Tuwafundishe tangu mwanzo kuuandika uga kama vekta (ukubwa na uelekeo), pamoja na alama ya kila chaji, na jibu la uongo halitajitokeza. Mchoro nao una udhaifu wake. Wekeni chaji 3 zinazolingana kwenye pembe za pembetatu yenye pande sawa. Wengi huonyesha kitovu, wakaweka kalamu chini. Mahali penye sifuri ni 4! Nani aliziona hizo nyingine kwa macho?

Mleta hoja: Ni 4 kweli, na nakubali kuhusu vekta. Lakini hizo tatu mishale inazifichua, ndugu yangu. Simama katikati ya upande mmoja: chaji mbili za jirani zinafutana, inabaki ya tatu inayosukuma kuelekea nje. Rudi karibu na kitovu, kwenye mstari huohuo: hapo uga unakurudisha kitovuni. Basi ukitoka kitovuni kwenda nje, kuna mahali mshale unageuka, na pale unapogeuka uga ni sifuri. Pande ni 3, kwa hiyo sehemu ni 3. Hesabu inakuja baadaye kutuambia ni umbali gani: imepita kidogo nusu ya njia kutoka kitovu hadi upande.

Anayeona mlinganyo utangulie, atuambie angejuaje azitafute wapi.