Naomba ushauri: blues za zamani, ninunue toleo lililosafishwa au lenye mikwaruzo?

Habari zenu wadau. Naomba msaada kwa wanaofuatilia blues (muziki wa Wamarekani weusi) ya Mississippi ya miaka ya 1920 na 1930.

Nilianza na Robert Johnson, ule mkusanyiko wa 1990 wenye nyimbo zake zote 29 alizorekodi Texas mwaka 1936 na 1937. Umeniteka kabisa. Gitaa ni moja tu, lakini kidole gumba kinashikilia besi huku nyuzi za juu zikimjibu kila anapomaliza mstari. Sijasikia kitu kama hicho kwenye muziki wa siku hizi.

Sasa namtaka Charley Patton, na hapo ndipo nimekwama. Nakala mama za Paramount, kampuni ya santuri iliyomrekodi, zilipotea, kwa hiyo matoleo ya sasa yanatokana na santuri kuukuu zilizochakaa. Nimesikiliza sampuli za matoleo mawili. La kwanza limesafishwa, mikwaruzo imepungua, ila sauti nzito ya Patton imefifia. La pili limeachwa lilivyo: maneno mengine huyashiki kabisa, lakini anapogonga mwili wa gitaa unasikia kishindo chenyewe. Moyo wangu uko huko. Nimejaribu kupunguza sauti kali kwenye simu. Mikwaruzo ilipungua, na uimbaji nao ukazama.

Kwa anayesikiliza kwa hedifoni, mngechukua lipi? Na je, Son House na Skip James, waliorekodi Paramount mwaka 1930 na 1931, wana toleo linalosikika vizuri zaidi?

Natanguliza shukrani.