Sungura wa Pasaka alianzia wapi hasa?

Nuru_K:
Wakuu, habari zenu. Naandaa ukurasa mmoja wa jarida la parokia kuhusu alama za Pasaka: mwanakondoo, yai, kifaranga na sungura. Mwanakondoo hana utata, Kutoka 12 na Yohana 1:29 zinatosha. Anayesumbua ni sungura. Kila ninapotafuta nakuta maelezo yaleyale: mungu wa kike wa majira ya machipuko, Eostre au Ostara, alimkuta ndege amegandishwa mabawa na baridi, akamgeuza sungura, na sungura huyo akabaki na uwezo wa kutaga. Je, hili lina ushahidi wa kale? Kama halina, niweke nini mahali pake? Naomba miaka na majina, maana mhariri wangu hapitishi kitu kisicho na chanzo.

KaleNaSasa:
Usiliandike kama jambo la kale, mkuu. Njia rahisi ya kulipima ni kuuliza: andiko la kwanza linalomtaja mungu huyo na sungura pamoja ni la mwaka gani? Ukifuata swali hilo utaona simulizi lilivyokua.

Mwaka 725 mtawa Bede wa Uingereza aliandika De temporum ratione, kitabu cha kuhesabu nyakati. Anasema Waanglo-Saksoni, yaani Waingereza wa kale, waliuita mwezi unaolingana takriban na Aprili Eosturmonath, kwa jina la mungu wao wa kike Eostre, ambaye zamani walimfanyia sherehe mwezi huo. Kwa Bede habari inaishia hapo. Hataji sungura wala yai.

Kutoka hapo ruka hadi 1682. Daktari Georg Franck von Franckenau wa Heidelberg, Ujerumani, anatoa andiko la Kilatini, De ovis paschalibus, yaani kuhusu mayai ya Pasaka. Humo anaeleza kwamba huko Alsace (leo ni mashariki mwa Ufaransa) na maeneo jirani watoto huambiwa sungura ndiye anayetaga mayai hayo na kuyaficha kwenye nyasi na vichaka vya bustani, ili wayatafute huku wakubwa wakicheka. Nia yake ilikuwa ya kitabibu: alikuwa anaonya juu ya madhara ya kula mayai kupita kiasi. Ndiyo maana ni shahidi mzuri. Hakuwa anatetea asili yoyote, alikuwa anaeleza alichokijua. Mungu wa kike hayumo.

Ostara anaingia mwaka 1835, msomi wa Kijerumani Jacob Grimm alipochukua maneno ya Bede na jina la zamani la Kijerumani la mwezi huohuo, akahitimisha kwamba Wajerumani nao walikuwa na mungu wa namna hiyo. Kisha 1874 msomi mwingine wa Kijerumani, Adolf Holtzmann, akaandika kwamba yeye mwenyewe hawezi kueleza asili ya sungura wa Pasaka, lakini *huenda* sungura alikuwa mnyama mtakatifu wa Ostara. Akaongeza kwamba lazima sungura huyo aliwahi kuwa ndege, kwa sababu anataga mayai. Hapo ndipo ndege alipozaliwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1880 majarida yalikuwa yanalisimulia jambo hilo kama hekaya ya kale, na ile "huenda" imeshadondoka njiani. Kwa hiyo dhana hiyo ina umri wa karibu miaka 150 tu.

Kwenye ukurasa wako andika hivi: "Sungura anayeleta mayai anajulikana kwa maandishi tangu 1682, katika eneo la Alsace, uhusiano wake na Eostre ni dhana ya wasomi wa karne ya 19." Mhariri hatakuwa na pa kukushika.

Mfugaji_Ndege:
Naongezea upande wa yai, kwa sababu bila yai sungura huyu hana kazi. Kuku wa kienyeji wa Ulaya hupunguza au huacha kabisa kutaga wakati wa baridi, mwanga wa mchana unapokuwa mfupi. Siku zikirefuka kufikia saa 12 hadi 14 za mwanga, ovari inaamka na utagaji unarudi kwa kasi. Sasa linganisha na kalenda: wakati huohuo Kanisa la Magharibi la zama za kati lilikataza mayai katika Kwaresima. Kuku hajui mfungo. Kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumapili ya Pasaka ni siku 46. Kuku anayetaga mara 3 kwa wiki atakuwa ametoa mayai karibu 20, na mwenye kuku 10 ana mayai 200 yanayosubiri. Yai lisilooshwa hudumu wiki kadhaa mahali pa baridi kwa sababu ya utando mwembamba ulio juu ya ganda, na mengine yalichemshwa ili yasiharibike. Kwa hiyo Pasaka ilifika na marundo ya mayai ya kula, kugawa na kupaka rangi. Hesabu za nyumba ya mfalme Edward I wa Uingereza za mwaka 1290 zina peni 18 zilizolipwa kwa mayai 450 ya kupambwa. Kifaranga naye anafuata palepale: yai lililoatamiwa huanguliwa kwa siku 21.

Na picha ya ukurasa wako iangalie vizuri. Mnyama wa simulizi la Alsace ni sungura mwitu wa mashambani, Lepus europaeus: miguu mirefu, masikio marefu yenye ncha nyeusi, hachimbi shimo. Hulala kwenye kibonyo kifupi katika nyasi, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi. Yule mnene wa kufugwa ametokana na jamii nyingine inayochimba mashimo, na watoto wake huzaliwa uchi, macho yamefumba.

Nuru_K:
Asanteni sana. Hicho kibonyo kimenikumbusha jambo: nimesoma pia kwamba watu walikuta mayai ya ndege kwenye malazi ya sungura wakadhani yametagwa na sungura. Hilo vipi? Na kwa nini sungura, asiwe mnyama mwingine?

Mfugaji_Ndege:
Ndege anayetajwa ni Vanellus vanellus, mwenye kishungi. Hutaga chini, kwa kawaida mayai 4, kwenye kibonyo kidogo katika shamba la wazi, kuanzia Machi. Kweli kinafanana na malazi ya sungura. Lakini mayai hayo yalikuwa yanaokotwa na kuliwa, na ndege huyu hupiga kelele na kumrukia anayekaribia. Mtu wa shamba asingekosa kumjua mwenye mayai. Mimi naiona ni dhana inayovutia, haina uzito zaidi ya hapo.

KaleNaSasa:
Kuhusu mnyama mwingine: walikuwepo! Sehemu za Uswisi mayai yaliletwa na kekeo, Westphalia na mbweha, Thuringia na korongo (zote mbili ni sehemu za Ujerumani). Hilo peke yake linaidhoofisha hoja ya mungu mmoja na sungura wake. Sungura aliwashinda wenzake katika karne ya 19, kadi za picha, vinyago na peremende zilipoanza kutengenezwa kwa wingi. Sifa za kumpendelea alikuwa nazo: huzaa sana, na mwanzoni mwa machipuko, mimea ingali mifupi, huonekana mchana akikimbizana, ile "ngumi" ya Machi, wanapopigana kwa miguu ya mbele, mara nyingi ni jike akimfukuza dume.

Marekani alipelekwa na wahamiaji wa Kijerumani wa Pennsylvania katika karne ya 18, wakimwita Oschter Haws, yaani sungura wa Pasaka. Watoto walimtengea kofia kama viota. Jumba la makumbusho la Winterthur, hukohuko Marekani, lina mchoro wa sungura na mayai, wa mnamo 1800, unaohusishwa na mwalimu mhamiaji Johann Conrad Gilbert. Ni picha nzuri kuiombea ruhusa. Australia wengine wamemwondoa kabisa: sungura walioachiwa huko Victoria na Thomas Austin mwaka 1859 waliharibu nchi, na tangu miaka ya 1990 kuna kampeni ya kumweka mahali pake bilbi, mnyama wa huko mwenye masikio marefu.

UngaNaSukari:
Msimpite mwanakondoo haraka hivyo, maana Alsace hiyohiyo ina keki yenye umbo lake, lamala, inayookwa katika kalibu ya udongo ya vipande viwili. Wafinyanzi wa kijiji cha Soufflenheim bado wanazitengeneza. Ni njia tamu ya kumaliza mayai ya Kwaresima. Kwa kalibu ya karibu lita 1: mayai 3, sukari gramu 90, unga wa ngano gramu 90, chumvi kidogo. Piga viini na sukari hadi viwe vyeupe, changanya unga, kisha ingiza ute uliopigwa ukasimama, kwa mwiko, polepole. Kalibu hujazwa kichwa kikiwa chini, kupitia upande wa tako, hadi theluthi mbili. Oveni nyuzi 180, dakika 35 hadi 40.

Linaloharibika karibu kila mara ni masikio na shingo. Masikio hukosekana kwa sababu hewa imenaswa pembeni: weka kwanza vijiko viwili vya mchanganyiko, gonga kalibu mezani, ndipo umimine uliobaki. Paka siagi kwa brashi hadi ndani ya pua na masikio, nyunyiza unga, kung'uta. Shingo hukatika ukifungua keki ikiwa ya moto. Ngoja dakika 10, legeza vibanio, inua nusu moja, uiache ipoe imelala kwenye nusu ya pili. Sukari ya unga nyunyiza ikishapoa kabisa, la sivyo itayeyuka.