Naomba ushauri: vifaa vya kushonea mavazi ya kale nyumbani

Habari zenu wapendwa. Nataka kujishonea gauni la mtindo wa Ulaya wa miaka ya 1780, pamoja na lile vazi la ndani la kubana kiwiliwili. Cherehani ninayo, lakini mvumbuzi Elias Howe alipata hataza ya cherehani yake Marekani mwaka 1846, kwa hiyo gauni la namna hii enzi zake lilishonwa kwa mkono mwanzo hadi mwisho. Nimeamua mishono ya ndani nipige kwa cherehani (msinicheke), ile inayoonekana nje nishone kwa mkono.

Hadi sasa nina mkasi wa kitambaa ambao hakuna ruhusa ya kukatia karatasi, futi kamba, chaki, pini, pasi na nta ya nyuki ya kupaka uzi wa kitani usijisokote.

Kinachonitesa ni vazi la ndani. Zamani walitia kile kinachoitwa "mifupa ya nyangumi" (si mifupa hasa, ni vibanzi vya kinywani mwake vinavyopindika) ili lisimame wima. Ninyi mnatumia nini, chuma au plastiki? Na matundu ya kupitishia kamba, yale yanayozungushiwa uzi, mnatoboa kwa msharasi au kuna kifaa bora? Nilijaribu kukata kwa mkasi, nyuzi zikafumuka zote.

Subana (kikofia cha kukinga kidole na sindano) pia inanishinda, kidole kinakosa hisia kabisa. Ni mazoea tu?

Halafu sanamu la kupimia nguo: ninunue, au kwa gauni moja nijipime mwenyewe mbele ya kioo?