Besi ya ukumbi wa harusi inapita kuta: sheha anataka ushahidi gani?

Mkaazi_MagharibiB
Assalamu alaykum. Kuna ukumbi wa sherehe mita 40 kutoka nyumba zetu, muziki unapigwa hadi saa 8 za usiku. Ndani maneno ya nyimbo hayasikiki, ila besi inatikisa vioo na watoto hawalali. Simu inasoma desibeli 52. Mwenye ukumbi anasema hiyo ni sawa na watu wanaozungumza. Sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wetu hapa Zanzibar, anataka ushahidi. Tupeleke nini?

FundiSauti
Waalaykumu salaam. Hiyo 52 inamtetea mwenye ukumbi. Programu nyingi za simu hupima kwa mizani A, inayopunguza sauti nzito kwa kufuata sikio la mtu, na kwenye hezi 63 (mitetemo 63 kwa sekunde), pale ngoma nzito inapopiga, mizani hiyo hukata desibeli 26. Mizani C haikati hata 1. Yaani kinachowaamsha watoto karibu hakimo kwenye namba yako.

Azima kipima sauti chenye A na C. Kivishe sponji ya upepo, kiweke nje juu ya stendi mita 1.2 hadi 1.5 kutoka chini, na mita 3.5 kutoka ukuta wowote, kwa sababu ukuta hurudisha sauti ukapandisha namba. Pima dakika 15 kwa A, kisha 15 kwa C. C ikizidi A kwa 15 au zaidi, tatizo ni besi.

Muziki ukizimwa, pima tena. Hapa ndipo wengi wanapoangushwa. Ukiwa na 52 muziki ukipigwa na 48 ukizimwa, muziki peke yake ni kama 50, kwani desibeli hazitolewi kama namba za kawaida.

Pima na chumbani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1999 unataka desibeli 30 za mizani A ndani ya chumba cha kulala, na chini ya hapo besi ikitawala. Si sheria yetu, lakini ni hoja nzito.

KaraniWaZamani
Ongeza daftari: tarehe, saa ya kuanza na kuzima, kipimo, chumba, upepo unatoka wapi. Upepo wa kusi ukivuma kutoka ukumbini kuja kwenu, sauti hufika kali zaidi, na afisa akija siku upepo umegeuka ataona mmezidisha.

Barua aandikiwe sheha, kila nyumba itie saini, nakala Baraza la Manispaa na ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, ambayo msingi wake ni sheria ya mazingira ya 2015. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, barua haikufika. Na msiandike "wapunguze kelele", hakuna anayeweza kulisimamia hilo. Ombeni kibali chao kiandikwe saa ya kuzima na kiwango cha A na cha C kwenye mpaka wa kiwanja.

Mkaazi_MagharibiB
Ahsanteni sana. Mwenye ukumbi sasa anasema atabandika trei za mayai na sponji ukutani. Itatosha?

FundiSauti
Hapana, ndugu yangu. Hizo hupunguza mwangwi wa ndani tu. Besi huzuiwa na uzito, na paa la bati halina uzito. Ashushe masanduku ya besi kutoka jukwaani, ayaweke juu ya mpira mnene. Badala ya rundo moja la spika mwisho wa ukumbi, atawanye ndogo karibu na wageni, zipigwe kwa sauti ya chini. Kisha afunge limita, kifaa kinachozuia sauti isipite kiwango, baada ya mikseri, ndani ya sanduku la kufuli, na ufunguo usikae kwa didjei.