Somo wetu ni Mtakatifu Gemma: tumwige katika lipi?

Katibu wa Jumuiya, Miyuji

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu, naomba msaada katika jambo linalonisumbua tangu tulipomaliza kikao cha maandalizi ya sikukuu ya somo wetu. Jumuiya yetu ndogo ndogo iko chini ya usimamizi wa Mtakatifu Gemma Galgani, na kila inapokaribia Aprili 11 tunasali novena, yaani sala ya siku tisa, nyumba kwa nyumba, tunachanga mchele na mafuta, tunamwomba paroko aje kutuadhimishia Misa, kisha tunakula pamoja na kuagana. Mwaka huu, wakati tukigawana zamu za novena, bibi mmoja ambaye husikika mara chache sana aliuliza: huyu binti tunamfuata katika jambo gani? Kikao kizima kilinyamaza. Mwenzetu mmoja alijibu kwamba Gemma alikuwa na madonda matakatifu, yaani majeraha kama yale ya Yesu msalabani, naye bibi akasema kwamba hilo ni la Mungu kutoa, si la mtu kuiga.

Baada ya kikao hicho nimesoma habari za maisha yake mara mbili. Nimejua kwamba alizaliwa Machi 12, 1878 huko Camigliano, karibu na mji wa Lucca nchini Italia, na kwamba alifariki mwaka 1903, siku ya Jumamosi Kuu, akiwa na miaka 25 tu. Lakini sehemu kubwa ya niliyoyasoma inahusu maono, malaika mlinzi na damu iliyomtoka mikononi, kiasi kwamba mimi, ninayeamka saa kumi alfajiri kuwahi nyanya sokoni, nabaki nikimheshimu kwa mbali bila kujua nianzie wapi kufanana naye. Je, mtakatifu wa namna hii anaweza kweli kuwa kielelezo cha fadhila kwa watu kama sisi, au tumchukulie kuwa mwombezi tu?

Katekista mstaafu, Bihawana

Milele amina, mwanangu. Mpelekee bibi huyo salamu zangu, kwa maana ameuliza swali ambalo mimi nilipaswa kuwauliza wanakipaimara wangu miaka yote niliyofundisha, na sikuwauliza kila mara.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi humwita mtakatifu wa jina letu au wa jumuiya yetu somo, na neno hilo lina maana zaidi ya moja: somo ni mtu mnayeitwa jina moja, somo ni mafundisho ya darasani, na katika unyago somo ni yule mama anayemchukua mwali na kumfundisha jinsi ya kuishi. Mwali hakai na somo wake ili amsifu, wala hamwendei siku ya shida peke yake. Anakaa naye ili ajifunze. Ninaona kwamba katika jumuiya nyingi tumeshika maana ile ya kwanza, tukaisahau hii ya mwisho. Katekisimu ya Kanisa Katoliki haitenganishi mambo hayo mawili, kwa kuwa inasema kwamba mtakatifu msimamizi ni kielelezo cha upendo na pia ni mwombezi wetu. Kwa hiyo swali lako la "au" lina jibu la "na".

Sasa nije kwa Gemma mwenyewe. Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui, nami naliona kuwa ufunguo wa swali lako. Mwaka 1931, Kanisa lilipotangaza kwamba Gemma aliziishi fadhila kwa kiwango cha kishujaa, tamko hilo lilieleza wazi kwamba halitoi hukumu yoyote kuhusu karama zake za pekee, yaani yale maono na madonda. Alitangazwa mwenyeheri, yaani hatua ya kabla ya utakatifu, mwaka 1933 na mtakatifu Mei 2, 1940 kwa sababu ya imani, matumaini, mapendo, unyenyekevu na utii wake. Bibi yako, bila kusoma tamko lolote, amesema lilelile lililosemwa Roma: madonda ni ya Mungu kutoa. Kinachobaki baada ya kuyaweka madonda pembeni ndicho mnachotakiwa kukiiga, nacho si kidogo.

Tazama maisha yake yaliyobaki. Alikuwa mtoto wa tano kati ya wanane. Mama yake alifariki kwa kifua kikuu Gemma akiwa na miaka minane, na baba yake, aliyekuwa mfamasia, alifariki mwaka 1897 akiacha madeni, wadai wakafika nyumbani wakachukua kilichokuwapo. Yeye mwenyewe aliugua uti wa mgongo, akavalishwa mkanda wa chuma, akalala kitandani kwa miezi mingi hadi alipopona Machi 1899 baada ya kusali novena. Kisha akapokelewa na familia ya Giannini, nyumba yenye watoto wengi, akaishi humo si kama mgeni wa heshima bali kama dada anayeshona, anayetengeneza nguo zilizochanika, anayewaangalia watoto na kumhudumia aliye mgonjwa, huku akihudhuria Misa kila siku. Muungamishi wake, Askofu Giovanni Volpi, alipoyatilia shaka mambo yale ya ajabu na kumtuma daktari amchunguze, daktari hakuona jeraha lolote baada ya damu kufutwa, akahitimisha kuwa ni ugonjwa wa neva. Hebu fikiria aibu hiyo kwa msichana wa miaka 21. Gemma aliendelea kumtii muungamishi wake vilevile. Yatima, mwenye deni, mgonjwa, mtu anayekaa kwenye nyumba ya wengine na kufanya kazi bila kunung'unika, mtu asiyeaminiwa: niambie, katika jumuiya yenu ya Miyuji hakuna hata mmoja wa hao?

Kijana wa Mpwapwa

Shikamoo katekista. Naomba kuongeza jambo moja ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Gemma alitamani sana kuwa mtawa wa Shirika la Mateso, na hakupokelewa, hasa kwa sababu ya afya yake. Alifariki akiwa mlei. Monasteri ya watawa hao ilianzishwa Lucca baada ya kifo chake, na leo mwili wake umehifadhiwa humo.

Mimi niliomba kujiunga na shirika fulani la kitawa nilipomaliza kidato cha sita, nikarudishwa nyumbani baada ya mwaka mmoja. Kwa muda mrefu nilikwepa kwenda Misa kwenye parokia yetu kwa sababu sikutaka kuulizwa. Paroko ndiye aliyenipa habari za Gemma, wala hakuniambia kwamba nivumilie. Aliniambia niangalie alifanya nini siku iliyofuata baada ya kukataliwa. Aliendelea na sala zake na kazi zake za nyumbani. Sasa nafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu kila Jumamosi. Ninapomwomba aniombee, simwombi anirudishie nafasi ile, bali namwomba anipatie moyo ule wa siku iliyofuata.

Mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), Kongwa

Nimesoma kwa makini, na nakubaliana na mengi, lakini lazima niseme linaloniuma. Nimemsikia mtu mzima, mbele ya akina mama wenzake, akimwambia mwanamke anayepigwa na mumewe kwamba abebe msalaba wake kimya kama Mtakatifu Gemma alivyobeba mateso yake. Yule dada aliondoka akiwa ameinamisha kichwa. Watakatifu walioteseka wanageuzwa kuwa kufuli la kuwafunga wanawake midomo, na hilo linafanyika kwa maneno ya sala. Kama kumwiga somo ndiyo maana yake, basi afadhali jumuiya hiyo ichague somo mwingine, kwa mfano Mtakatifu Yosefina Bakhita, aliyeutoka utumwa na, mwaka 1889, akasimama kwa miguu yake mwenyewe mbele ya mahakama ya Venice akikataa kurudi na waliomdai kuwa mali yao.

Katekista mstaafu, Bihawana

Mama, umesema kweli, na ninashukuru kwamba hukuipaka sukari. Aliyetoa shauri hilo alikosea juu ya fadhila na alikosea juu ya Gemma.

Kanisa linafundisha fadhila kuu nne, yaani busara, haki, nguvu na kiasi, nazo hushikana kama mafiga. Ukiondoa moja, chungu kinamwagika. Uvumilivu ulioacha haki na busara nje haustahili kuitwa fadhila ya nguvu. Ugonjwa wa Gemma haukuwa dhambi ya mtu, na bado alikubali kutibiwa, akavaa mkanda wa chuma walioagiza madaktari. Alipoletewa habari za kuolewa alikataa, na familia ikalazimika kulipokea neno lake. Huyo si binti asiye na sauti. Mwanamke anayepigwa anatendewa dhambi, na anayempenda humsaidia kupata usalama na haki, kisha ndipo wasali pamoja. Kuhusu Bakhita, ninampenda sana, lakini sioni sababu ya kumwondoa Gemma kwa kosa la waliomtaja vibaya.

Tena kumbukeni jinsi alivyofika kwetu. Mwaka 1935, Prefektura ya Kitume ya Dodoma, yaani eneo la kimisionari ambalo bado si jimbo kamili, ilipoundwa, ilikabidhiwa kwa Wapasionisti, yaani Shirika la Mateso, wana wa Mtakatifu Paulo wa Msalaba, ambaye ndiye msimamizi wa Kanisa Kuu letu. Gemma alikuwa ametangazwa mwenyeheri miaka miwili tu kabla ya hapo, kwa hiyo wamisionari wale walimleta akiwa bado habari mpya, na masista wa jimbo letu wanabeba jina lake hadi leo. Sisi wa Dodoma tumekua naye.

Na yeye mwenyewe alikuwa na somo. Alipokuwa kitandani aliazimwa kitabu cha maisha ya Gabrieli wa Bikira Maria wa Mateso, kijana wa Assisi aliyependa mavazi mazuri na starehe kabla ya kuingia utawani, akafariki mwaka 1862 siku chache kabla ya kutimiza miaka 24. Mwanzoni hakumjali kabisa. Baadaye, mwenye kitabu alipokuja kukichukua, Gemma alikirudisha akilia. Wakati huo Gabrieli hakuwa bado mtakatifu. Alitangazwa mwaka 1920. Hivyo ndivyo ibada kwa mtakatifu inavyoanza, kwa kumfahamu mtu hadi ukaona vigumu kuachana naye. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao ulifundisha kwamba ibada ya kweli kwa watakatifu haipimwi hasa kwa wingi wa matendo ya nje, bali kwa upendo wetu unaotenda kazi.

Ushauri wangu kwako, katibu, ni mdogo. Novena yenu ina siku tisa. Kila siku mtu mmoja asome tukio moja tu la maisha yake, kisha nyumba hiyo itaje jirani mmoja ambaye tukio hilo linamgusa, na wanajumuiya wamwendee kabla ya sala ya kesho yake. Angalieni pia kalenda, kwa sababu Aprili 11 huweza kuangukia Juma Kuu au Oktava ya Pasaka, yaani siku nane zinazoanza na Pasaka yenyewe, na siku hizo Misa ya kumbukumbu yake haiadhimishwi. Wapasionisti wao humwadhimisha Mei 16, kwa hiyo mwulizeni paroko mapema.

Katibu wa Jumuiya, Miyuji

Katekista, mama na kaka yangu wa Mpwapwa, nawashukuru kutoka moyoni. Jana jioni nilimsomea bibi majibu yenu yote, akaomba nirudie mara mbili sehemu ya madeni ya baba yake Gemma. Ndipo akaniambia kwamba kuna mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwake ambaye hajaonekana jumuiyani tangu mwezi wa kumi na mbili, na kwamba anadhani ni kwa sababu ya mchango wa mchele aliokuwa hajaulipa. Mimi ndiye niliyesoma majina ya wadaiwa mbele ya watu siku ile.

Tumekubaliana kwamba mchango hautasomwa tena kwa majina. Wenzetu kadhaa bado wako shamba wanaamia ndege kwenye uwele, hivyo novena tutaianza jioni zaidi ili nao wawahi. Siku ya kwanza itasaliwa kwa yule mjane, akikubali. Bibi na mimi tunakwenda kumwomba kesho baada ya Misa ya kwanza, nami nitaanza kwa kumwomba radhi.